Waya wa Shaba kwenye Mkuyu wa Baba

Utomvu wa mkuyu una harufu ya maziwa mabichi na majani yaliyopondwa, na ukishashika kwenye vidole hautoki kwa sabuni wala kwa majivu. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye kigoda uani kwa mama, hapa Kindu, nikiukata majani mkuyu mdogo usionifika hata magotini. Harufu ile ikapanda, nami nikajikuta nina miaka tisa tena, pamoja na hasira zangu zote.

Najua mnaujua mkuyu kuwa ni mti mkubwa. Wetu sivyo. Umekaa juu ya jiwe lenye ukubwa wa sufuria, mizizi imelikumbatia jiwe hilo pande zote na kushuka hadi kwenye udongo wa beseni kuukuu la bati. Baba aliukuta ukingoni mwa mto Lualaba, mbegu yake bila shaka iliangushwa na popo. Alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, na ukutani kazini kwao kulikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya mti mzee uliopandwa kwenye sahani. Sijui ile picha ilimfanya nini. Alilifunga jiwe na mti wake kwenye baiskeli, akasukuma hadi nyumbani, na mama akampokea mlangoni.

"Wanaume wengine wanaletaka samaki," alisema. "Wangu ananiletea muke mwenzangu, na huyo muke mwenyewe ni jiwe!"

Baba alicheka, akaazima mkasi wa mama wa kushonea. Hapo napo palikuwa na ugomvi wa kila mwaka, maana mama ni wa mkono wa kushoto, mkasi wake ulinolewa kwa ajili ya mkono huo, na baba alilalamika kwamba unamkata yeye badala ya majani. Kabla ya mvua aliyakata majani yote, hata moja halikubaki, ili yatakayoota yawe madogo zaidi. Mizizi aliisafisha kwa mswaki uliochakaa. Mimi nilimshikia kikombe cha maji na kujiona fundi mwenzake.

Lilikuwepo tawi moja lililomsumbua. Lilisimama wima, na yeye alitaka liinamie chini kama matawi ya miti ya mtoni. Basi siku moja alileta waya wa shaba kutoka kwenye mota iliyoungua, akauzungusha kwenye tawi kuanzia shinani hadi nchani, kisha akalikunja kwa vidole gumba, polepole, huku amezuia pumzi. Mimi pia nilizuia yangu. Tawi likalia kidogo, likakubali.

"Waya ikikawia inakula muti," aliniambia. "Lakini mutu asiiguse. Mvua ikiisha, miye mwenyewe nitaitoa."

Wiki iliyofuata alikwenda Kibombo kwa baiskeli kumwomba dada yake mchele, kwa sababu mjini chakula kilikuwa kimeanza kupungua. Alisema siku sita. Kabla hazijaisha, njia ilifungwa.

Mliokuwapo Kindu wakati ule hamhitaji maelezo. Wengine niwaambie tu kwamba mjini walikuwa askari, porini walikuwa wapiganaji, na sisi tulikuwa katikati. Aliyekwenda shambani kwake nyuma ya nyumba za mwisho aliweza kutorudi. Treni haikupiga tena honi. Chumvi iliisha, sabuni ikaisha, tukala sombe, majani ya mihogo, iliyochemshwa kwa maji matupu, asubuhi na jioni. Mbuzi wa jirani, ambaye kwa miaka miwili alikuwa adui mkubwa wa mkuyu wa baba, aliliwa. Nilifurahi kwa nusu siku, halafu nikaona aibu, kwa sababu na sisi tulipewa mchuzi.

"Baba atarudi lini?" nilimuuliza mama.

"Njia ikifunguka."

"Nani ataifungua?"

"Sijui, mwanangu."

Sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema sijui mara nyingi vile. Niliogopa. Niliwaza kwamba kama mama hajui, na mwalimu wa chuo cha Kurani hajui, na jirani mwenye redio hajui, basi hakuna anayejua, na sisi tunakaa tu.

Lakini nilikuwa na ule waya. Baba alisema atautoa mwenyewe. Kwa hiyo, kama waya upo, baba anakuja. Hesabu yangu yote ilikuwa hiyo. Kila asubuhi niliumwagilia mkuyu kikombe kimoja cha maji, nikaweka kidole kwenye shaba na kuhesabu mizunguko: kumi na moja. Ndipo nilipoweza kwenda chuoni.

Siku moja nilikuta kumi. Nilipiga kelele mpaka majirani wakadhani tumevamiwa. Mama alitoka mbio, akanisikiliza, akaniambia nimehesabu vibaya kwa sababu nina njaa, nihesabu tena kesho. Kesho yake ilikuwa kumi na moja. Niliaibika sana, na tangu hapo nilihesabu mara mbili.

Mvua ziliisha, zikarudi, zikaisha tena. Vitu viliondoka nyumbani kimoja kimoja, sufuria kubwa, vitenge vya arusi, mwishowe cherehani ya mama. Mkasi ulibaki. Mara moja tu mama aliniuliza kwa sauti ya chini, "Zaina, tuitoe ile waya?" Nililala kifudifudi juu ya beseni, nikalikumbatia jiwe, nikamwambia aende zake. Akaenda zake. Alikuwa amekonda, na mimi nilikuwa na nguvu ya kumfukuza tu.

Njia ilipofunguka, karibu miaka mitatu ilikuwa imepita. Mtu wa kwanza kutoka Kibombo kuingia uani kwetu alikuwa shangazi Hawa, yule dada yake baba. Alikuja kwa miguu, amebeba mfuko wa mchele kichwani. Kabla hajautua aliangaza macho huku na huku.

"Ndugu yangu iko wapi?" aliuliza. "Iko kazini?"

Mama aliitazama njia nyuma yake, kama anayetafuta mtu wa pili. Shangazi akaketi palepale mchangani. Alisema baba alilala kwake siku mbili, akafunga mchele kwenye baiskeli, akashika njia ya kurudi. Miaka yote ile sisi tulidhani yuko kwake, naye alidhani yuko kwetu.

Hatukupata mwili, wala baiskeli, wala mtu aliyeona. Watu walikuja wakasoma dua. Siku ya tatu mama aliniita kwenye mkuyu, akachuchumaa mbele yangu, akaanza kuufungua ule waya. Nikamrukia. Nilimuuma mkono, nikang'ata mpaka nikasikia chumvi mdomoni, mimi niliyekuwa nimeisahau ladha ya chumvi. Hakuuondoa mkono wake. Alingoja nichoke, kisha akaendelea, na mizunguko ikatoka mmoja baada ya mwingine, bila shida.

Nilimchukia mama. Naliandika kama lilivyo. Nilimchukia kwa sababu kwangu baba hakufa njiani kutoka Kibombo, alikufa pale uani, mchana, kwa mkono wa mama. Tangu siku hiyo sikuumwagilia tena mkuyu. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikapangiwa shule huko Lubutu, na kila nilipokuja likizo nilipita kando ya lile beseni kama mtu anavyompita jirani waliyegombana naye. Mama aliutunza mwenyewe, akaukata majani kila mwaka. Hatukuzungumza habari zake.

Mwaka huu macho yake yamekataa. Alinikabidhi mkasi bila maneno mengi, akaketi pembeni na ungo wa maharage, akiyachambua kwa kupapasa.

Nikakata. Majani yalipokwisha, tawi la baba lilibaki tupu mbele yangu, limeinama vizuri kama alivyotaka. Juu ya gamba kulikuwa na makovu. Nilitegemea kovu moja, mstari mmoja unaozunguka. Yalikuwa mengi. Yalipishana, mengine yakiwa karibu kufutika, mengine yamevimba. Nikayafuata kwa kidole kama nilivyofuata shaba nikiwa mtoto. Mstari mmoja ulizunguka kuelekea kulia. Iliyobaki yote ilielekea kushoto.

Mkasi ule wa mkono wa kushoto ulikuwa unaniumiza kidole wakati huohuo.

Nilikumbuka baba aliniambia waya ukikawia unakula mti. Mkuyu unakua haraka. Kwa miaka mitatu waya ungezama ndani ya tawi usionekane tena. Ule ulitoka bila shida. Nikakumbuka ile asubuhi ya mizunguko kumi.

"Mama," nilisema, "waya ya baba ulikuwa unaitoaka?"

Vidole vyake vilisimama kwenye maharage.

"Ukienda ku chuo," alisema. "Ilikuwa inakula muti. Natoa, naacha muti upumue kidogo, narudisha pembeni ya alama ya zamani. Siku moja nilikosea hesabu. Weye ulipiga kelele!" Akacheka kidogo.

Nilimwambia kwamba alifanya vile kwa ajili yangu, ili nisilie, na mimi nikamlipa kwa kumuuma.

"Hapana," alisema. "Weye ulikuwa mutoto. Ungelia siku mbili, ya tatu ungeenda kucheza. Kila mara nilikuwa nasema, leo natoa, sirudishe tena. Nakaa nayo hapa mukononi." Alifungua kiganja kitupu juu ya maharage. "Ulikuwa unawaza ni weye peke yako ulikuwa unamungojea?"

Niliuweka mkasi chini. Nilikuwa nimeishi miaka mitatu katika nyumba ya vyumba viwili na mtu aliyehesabu hadi kumi na moja kama mimi, nikadhani hesabu ile ni yangu. Mtoto huona kwamba mkubwa anajua, na asipojua, basi anaweza kuvumilia. Mama hakujua na hakuweza kuvumilia. Alichokuwa nacho ni mikono, akaitumia kufunga na kufungua, na siku alipojilazimisha kuacha, nilimng'ata.

Alinyoosha mkono wa kushoto, akalitafuta tawi hewani, asilipate. Nikaushika nikauweka juu ya makovu. Chini ya kidole gumba chake, alama ya meno yangu bado ipo.