Goti la Wanyoike

Mkate ulioota ukungu ndio uliomfukuza Bedan. Alikuwa karani wa benki, kijana wa tai na adabu zake, na Lydiah ndiye aliyemwalika nyumbani kwake mtaa wa Komarock anywe chai ya Jumapili, akitumaini kwamba yeye na wifi yake Nzisa wangeelewana. Bedan aliomba maji ya kunywa, akaelekezwa jikoni. Huko dirishani akakuta vipande vya mkate vimepangwa mstari, kimoja cha kijani, kingine cheusi chenye manyoya. Nzisa alimfuata akamweleza kwa furaha kwamba kile cha kijani amekifunika na kile cheusi amekinyunyizia maji, maana anataka kujua ukungu unapenda nini. Bedan aliimaliza chai yake ingali moto, akasema ana shughuli mjini. Hakuonekana tena.

"Wewe utazeekea hapa na hiyo mikate yako," Lydiah alisema.

Hakuwa na ubaya. Yeye na mumewe Maingi, kaka yake Nzisa, walikuwa wamemkaribisha tangu alipotoka Kangundo kuja kuanza kazi ya karani wa stoo kwenye kiwanda cha rangi. Shuleni Nzisa aliipenda fizikia kuliko chakula. Nafasi ya chuo ilipokosekana, fizikia haikumtoka. Aliisugua sindano kwenye sumaku akaielesha kwenye maji ndani ya beseni ili imwonyeshe kaskazini. Sufuria ya ugali ilipotikisa kifuniko, aliwaeleza watoto wa Lydiah nguvu ya mvuke mpaka ugali ukashika chini.

Kitu kingine alichokipenda kilikuwa shindano la televisheni. Ilikuwa ule mwaka wa mvua za El Niño, na kila Jumapili alasiri kulikuwa na kipindi kiitwacho *Nani Atavuka*. Watu wa kawaida, wauza mboga, makondakta, walimu, walipangwa wawili wawili wakavushwa vizuizi vya kila aina, na walioanguka walirudi nyumbani. Wengine walikitazama kwa kucheka. Nzisa alikitazama akiwa ameketi ukingoni mwa kiti, akitabiri.

Kiti chenyewe ndicho kilichomleta Wanyoike. Springi za sofa ya Lydiah zilikuwa zimetokeza, na Wanyoike, fundi wa viti kutoka mtaa wa Lucky Summer, alikuja Jumapili moja kuzitengeneza. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, misumari midogo imebanwa midomoni, kipindi kilipoanza.

"Huyo mrefu ataanguka," Nzisa alisema. "Kitovu cha uzito wake kiko juu sana."

Wanyoike alitoa misumari mdomoni. "Ataanguka huyo mfupi. Angalia viatu vyake. Soli ya ngozi juu ya turubai lenye maji? Hafiki."

Yule mfupi aliteleza hata kabla ya katikati. Nzisa alimgeukia fundi kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Msuguano," alisema. "Nilisahau msuguano."

"Mimi sijui unaitwaje," Wanyoike alisema, "lakini vitambaa navijua."

Sofa iliisha siku hiyohiyo. Jumapili iliyofuata Wanyoike alirudi kuangalia kama springi zimekaa vizuri, na Jumapili iliyofuata vilevile, mpaka Maingi akamuuliza mkewe kwa sauti ya chini hiyo sofa ina ugonjwa gani usiopona. Lydiah alimkanyaga mguu. Wanyoike hakuuogopa mkate wa dirishani. Aliuinamia, akaunusa, akauliza kwa nini mweusi umeshinda.

Walianza kutoka pamoja. Walitembea mpaka barabara ya Kangundo kula mahindi ya kuchoma, wakabishana kwa nini punje nyingine hupasuka na nyingine hukauka tu. Nzisa hakuwahi kuwa na mtu wa kumuuliza swali la pili. Ndiyo maana ilipotangazwa kwamba *Nani Atavuka* watachagua washiriki kwenye uwanja mmoja kule mtaa wa Jericho, alimwambia, "Twende sisi."

"Mimi na wewe kwa TV?" Wanyoike alicheka. Kisha akamtazama usoni, akaona hatanii. "Haya. Twende."

Mtihani ulikuwa ubao mwembamba uliolazwa juu ya mapipa, chini yake dimbwi la tope. Mmoja avuke akiwa amebeba trei ya mayai kichwani, mwenzake amwongoze kwa sauti. Mvukaji aliruhusiwa kushika kitu kimoja tu mikononi. Wengi walichagua mwavuli. Nzisa aliuona mwanzi mrefu uliokuwa chini, akaukimbilia, akampa Wanyoike, ambaye ndiye angevuka.

"Shika huu katikati. Ukiwa mrefu hivi, mwili hauwezi kupinduka haraka. Utapata muda wa kujirekebisha."

"Na upepo je?" Wanyoike aliuliza. "Pale mwisho kuna bendera, naona zinapiga."

"Upepo si kitu. Niamini."

Alimwamini. Alikwenda vizuri, polepole, watu wakanyamaza. Alipokaribia mwisho, upepo ulivuta kamba ya bendera ikanasa ncha ya mwanzi. Wanyoike alizunguka mara moja kama mlango, mayai yakaruka, akaangukia goti kwenye ukingo wa pipa kabla ya kuzama topeni. Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko.

Hawakuchaguliwa. Lakini kipande cha picha cha kuanguka kwake kiliwapendeza wenye kipindi, wakawa wanakirudia kila walipotangaza shindano. Kule Lucky Summer watu walianza kumwita Wanyoike "Mayai". Wateja walifika kwenye banda lake kumtazama tu.

Akaacha kuja Komarock. Nzisa alingoja. Alijiambia fundi ana kazi nyingi, kisha akajiambia amekasirika kwa sababu ya kuchekwa, na hilo likamkera, kwani yeye ndiye aliyeiunganisha kamba na bendera? Lydiah alimsikiliza akipanga sababu zake jikoni.

"Umeshamuuliza yeye mwenyewe?"

Jumamosi, baada ya kazi, Nzisa alikwenda. Alimkuta Wanyoike nje ya banda akivuta kitambaa juu ya kiti, mguu mmoja ameunyoosha mbele.

"Sasa," Nzisa alimsalimu.

"Poa."

"Umekasirika kwa sababu nilikosea habari ya upepo."

"La."

"Basi kwa sababu watu wanakucheka."

"Watu watachoka. Mimi mwenyewe nilicheka nilipojiona." Aliweka nyundo chini. "Nzisa, nilipotolewa topeni ulikuja mbio. Nikafurahi. Ukaniuliza, 'Mwanzi ulikuwa umeushika katikati kweli?' Hilo ndilo swali lako la kwanza. Damu ilikuwa inatoka hapa." Aligusa goti. "Mpaka tunaachana pale stendi hukuuliza."

Nzisa alijaribu kukumbuka damu, hakuikumbuka. Alichokumbuka ni pembe ya mwanzi na jinsi kamba ilivyojipinda. Aibu ilimpanda polepole mpaka masikioni.

"Sikuiona," alisema. "Nilikuwa nakutazama lakini sikuiona. Nisamehe, Wanyoike."

Alichuchumaa mbele yake. "Nionyeshe."

Wanyoike akakunja suruali. Kidonda kilikuwa kimefunga, lakini goti lilikuwa bado limevimba. Nzisa hakueleza chochote kuhusu uvimbe, ingawa alijua mengi. Aliuliza kama linamuuma akipiga magoti kazini, naye akasema linauma sana, amelazimika kupandisha viti juu ya meza. Aliuliza nani anampikia. Wanyoike alisema ni chai na mkate tu.

"Mkate wa rangi gani?" Nzisa aliuliza, na kicheko kikamtoka Wanyoike.

Nzisa alikaa mpaka jua liliposhuka, akishikilia ncha za kitambaa huku fundi akigonga misumari. Walipomaliza, Wanyoike alimsindikiza mpaka barabarani, akichechemea, na Nzisa akapunguza mwendo ili walingane.

Mwaka uliofuata, Wanyoike na wajomba zake walipanda Kangundo kujitambulisha kwa wazee wa Nzisa, hatua ya kwanza ya posa. Lydiah alikwenda pia, akawa anamweleza kila mgeni kwamba mambo yote yalianzia kwenye sofa yake.