Fulu na Furu

Siku ya kwanza kazini, katika ofisi ya mradi wa utafiti wa dhahabu mjini Shinyanga, niligusa kompyuta mikono ikaniwasha kwa furaha. Miaka ya themanini ilikuwa inaishia. Nilikuwa na kidato cha nne na kozi fupi ya mashine hizo.

"Kijana, mashine hizi ni ndugu, lakini kila moja imeolewa kwake," Msimamizi wa Mitambo aliniambia. "Ukiipa ya Nkome desturi za Shinyanga, itavunja nyumba."

Faili la mipangilio ndilo aliloliita desturi: maandishi machache ambayo kompyuta huyasoma ikiwashwa, ijue kama ina printa, na diski ya pili ifanyweje. Kompyuta ya Shinyanga ilikuwa na kila kitu. Diski yake ya pili ilikuwa ya kazi za muda, hivyo faili liliamuru ifutwe kila inapowashwa. Kwenye kambi ya mradi huko Nkome, kando ya ziwa, diski ya pili ndiyo iliyohifadhi vipimo vya mashimo yote.

Nikapewa kazi ya kuyapa mafaili majina. Raha iliyoje! La Shinyanga nikaliita FULU, maana kila kitu kimo. La Nkome nikaliita FURU, jina la samaki wadogo wa ziwani kwao. Kisha, kwa uvivu, nikayaweka yote mawili kwenye diski laini moja, ile ya kubebeka, nikaituma Nkome.

Mama Kulwa, karani wa kambi, akaniita kwa redio-koli. Ripoti ya vipimo ilitakiwa wiki ile. Ikichelewa, kambi inafungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naona mafaili mawili huku. Niweke lipi?"

"Weka fulu."

"Fulu?"

"Hiyo hiyo, mama. Fulu."

Mimi Msukuma, ulimi wangu enzi hizo haukuijua r; nilikusudia FURU. Yeye, Mzinza, aliandika alichosikia, akawasha mashine upya. Diski ya pili ikafutika, vipimo vyote vikapotea.

Nilikwenda Nkome tukaandika vipimo upya kutoka karatasi zenye tope, tukitaniana, tukikimbizana na siku. Tulichelewa. Nilimweleza Msimamizi kwamba kosa ni langu. Mimi nikabaki kazini, kambi ikafungwa, Mama Kulwa akarudi kuanika dagaa.

Baadaye Geita, Kagongwa, kote nilikopangiwa, kila kituo kilipata diski laini yake, na kila jina nililitamka kwa sauti mbele ya mwenzangu kabla ya kulihifadhi. Kazi hiyo sikuwahi kuichoka.

Nilipoagwa kustaafu, Mama Kulwa alikuja na kikapu.

"Nimekuletea furu, siku hizi ni adimu," akasema. "Kula, mwanangu. Hii haifuti kitu."

Watu walicheka. Mimi nilikula nimeinamisha kichwa.