Tulivyogombea Jua

Wafanyabiashara wengine hugombea kivuli. Sisi wa mtaa wa mawese, pale Chemchem, tunagombea jua. Anayetaka kucheka acheke, kisha nitamweleza.

Mawese hayapendi baridi. Ikifika Juni, asubuhi ya Tabora inauma, na mafuta yanaganda ndani ya dumu kama uji wa jana. Mnunuzi akiona yameganda anaanza kukutazama kama mwizi. Anataka ayaone yakimiminika, ajue hukuchanganya kitu. Kwa hiyo sote tuliotoka Kigoma tunabanana upande mmoja wa barabara, ule jua linakoanza kupiga, na madumu yetu, na dagaa, na migebuka mikavu, samaki wa ziwa letu, na maharage ya Kasulu, na Kiha chetu cha kupigiana kelele. Mchana tunahamia ng'ambo. Wanyamwezi wakipita wanasema, "Waha wameanikwa tena!" Waseme. Treni ya Kigoma ikiingia huna haja ya kwenda kuuliza stesheni. Nusa tu mtaa wetu.

Jua la kwanza kabisa linapiga penye kona, kwenye ukuta wa duka lililofungwa. Hapo ni pangu. Nilifika mji huu na madumu mawili na darasa la pili, na vyote vilinitosha. Nyumba yangu ya bati imejengwa na jua la kona ile. Hata nikichelewa, hakuna aliyewahi kupakalia.

Basi asubuhi moja nikakuta pamekaliwa. Mama mmoja mgeni, hajamaliza wiki mbili mjini, ametandika gunia lake, madumu matatu yameota jua, na yeye anachambua maharage kwenye beseni kama yuko kwao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama, hapo umekalia miaka yangu thelathini."

Akajiinua kidogo, akachungulia chini ya gunia, akakaa tena. "Mbona siioni, baba? Au nimeivunja?"

Mtaa ulilipuka. Muuza kahawa, ambaye anaishi kwa mambo ya watu kuliko kwa kahawa, alikaribia kuangusha birika. "Mzee kapinduliwa!"

Mtu mwingine angeomba asogezewe. Mimi sikuzoea kuomba. Nilibeba dumu langu nikaenda kukaa kivulini, kama vile ndiko nilikokuwa naenda tangu nyumbani.

Shida ni kwamba siku hiyo saa nne alikuwa anakuja mpishi wa harusi. Huyu ni mama wa Kinyamwezi mwenye sauti ya kengele ya kanisa, na miaka yote mawese ananunua kwangu. Safari hii bwana harusi alikuwa wa kwetu, na ukoo wake haumezi maharage yasiyo na mawese. Lakini jana yake alinipigia simu. "Mzee, mara ya mwisho yaliganda. Yakiganda tena, naangalia kwingine." Na huko kwingine, kama mnavyoona, kulikuwa kumekaa kwenye kona yangu.

Saa tatu na nusu dumu langu lilikuwa bado jiwe. Nikamwita muuza kahawa. "Lete jiko lako hapa."

"Mzee, dumu hilo ni plastiki."

"Nimesema lete jiko. Sikusema nifundishe."

Sikuliweka juu ya moto, mimi si mjinga. Nililiweka pembeni, likaegemea kidogo tu. Kisha nikamgeukia nimweleze mtaa huu umetoka wapi, tulivyofukuzwa na kurudi, tukafukuzwa tena na kurudi, na nani alikuwa mbele. Nilikuwa nimefika kwenye msingi wa nyumba yangu aliponusa hewa.

"Mzee, msingi unaungua."

Kugeuka, ubavu wa dumu umebonyea kama shavu la kibogoyo, tundu limefunguka, na mafuta yaliyogoma asubuhi nzima sasa yana haraka. Yalishuka barabarani mekundu, yanang'aa. Muuza kahawa alinyakua jiko lake akakimbia, mabirika yanagongana. Na mimi, mzee wa mtaa, nilisimama nimeshika kifuniko.

Yule mama mgeni ndiye aliyeruka. Alimwaga maharage yake kwenye gunia, akasukuma beseni chini ya tundu. "Kifuniko cha nini, baba? Shika dumu! Tundu juu!"

Nikashika dumu. Nikageuza tundu juu.

Ndipo bodaboda ikasimama. Mpishi wa harusi akashusha mguu, ukatua kwenye mafuta, ukaenda zake. Alining'inia shingoni kwa dereva mpaka akapata ardhi. Akatazama barabara, akatazama kiatu.

"Angalau leo yamemiminika," akasema.

Akachovya kidole kwenye beseni, akalamba. "Mazuri. Ya nani haya?"

Nilijua nimekwisha. Beseni la yule mama, kona ya yule mama, na mimi mikononi nina dumu lenye tundu.

"Ya baba huyu," yule mama akasema, anajifuta kwa kitenge. "Mimi nimemkingia tu. Yakipungua, utajaziwa kwangu, yangu yameshayeyuka. Tunakaa pamoja."

"Pamoja? Tangu lini?" mpishi akauliza.

Wote wakanigeukia. Muuza kahawa alirudi na jiko lake ili asipitwe.

"Tangu asubuhi," nikasema. Halafu nikamwambia yule mama neno ambalo koo langu halikulizoea: "Naomba usogee."

Akasogea. Nusu gunia, hakuzidisha.

Mpishi aliondoka na mafuta yetu, na hadi leo anakuja. Muuza kahawa anatangaza kwamba nimeoa. Sijaoa, mke ninaye, naye kitu alichouliza ni kimoja tu: kwa nini sikuomba tangu mwanzo. Swali gani hilo!

Siku hizi tumepatana kwamba anayewahi kufika anamtandikia mwenzake gunia. Sijawahi kumtandikia. Kila nikifika, nakuta langu limeshatandikwa, na limeshapata joto.