Gunia Moja la Mbegu Kutoka Kindu

Wajukuu wangu, niliondoka Tunda kwa sababu maji yaliingia ndani ya ghala zetu. Mwaka ule, inchi ikiitwa bado Zaïre, mvua ilipiga mpaka kijito kikapanda mashambani. Mupunga wa mbegu, ambao sote tuliweka chini, ukaota ndani ya magunia, ukaoza. Shamba unaweza kulima tena. Bila mbegu utapanda nini? Redio ya mwalimu Omari ikasema msaada umefika Kindu, mbegu za watu wa mafuriko. Kijiji kikatutuma sisi wawili: mimi na Zaina binti Saleh, mama mwenye kimya, ambaye binti yake Feza aliolewa Kindu.

Mpaka Kibombo tulienda kwa miguu, matope magotini. Treni ilipofika ilikuwa imejaa watu na mbuzi. Tukasimama njia nzima.

Kindu, tulilala kwa Feza, kule Mikelenge. Mume wake Kitoga alikuwa mukubwa wa vijana wa chama. Alipomuona Zaina njiani, akaruka mufereji, akapita nyuma ya nyumba. Kwetu mwanaume hamutazami mama ya muke wake, hamugusi, wala hali chakula mbele yake. Siku zote tulizokaa, Kitoga alikula kwa jirani.

"Umemufukuza kwake!" nikamutania Zaina.

"Anipishe tu. Mimi nilikuja kwa mupunga."

Asubuhi tukaenda depo, ghala ya serikali karibu na gare ya treni. Magunia tuliyaona kwa macho yetu, yamepangwa mpaka juu. Musimamizi alikuwa sitoyeni Lukonge. Siku zile hakuna bwana wala bibi, wote sitoyeni, raia tu.

"Mama, mbegu njo hizi," akasema. "Lakini Komisere, mukubwa wa serikali, anatoka Kinshasa kuzitoa kwa mukono yake."

"Anakuja lini?"

"Ndege ikikuja."

"Na mvua ya kupanda, itamungojea?"

"Mama, usitukane serikali."

Muzungu wa msaada alikuwa hapo, jasho linamutoka. Nikamugeukia. "Kazi yangu ni kuzileta," akasema. "Kugawa ni kazi yao." Akapanda jipu yake.

Basi tukangoja. Kila asubuhi waliita watu wa mafuriko uwanjani, tujifunze nyimbo za kumupokea Komisere. Mimi, muntu mwenye hasara, nikakata kiuno mbele ya depo iliyofungwa! Feza alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Mvua ilikuwa inanyesha vizuri, mvua ya kupanda yenyewe, inapotea bure.

Siku ndege iliposikika, Lukonge akaja mbio. Wageni watakula nini? Mugeni mukubwa hapewi bugali, anapewa wali, na mchele sokoni ulikuwa umekwisha. Akafungua depo, akatoa magunia, akaita wanawake na vinu vyao. Sisi pia.

"Mama za Tunda, ninyi njo wenye mupunga! Kujeni mutwange."

"Kutwanga mbegu?" nikauliza.

"Kidogo tu. Mugeni alale njaa?"

Michi ilikwisha kuanza. Watu wa ndege walikuwa wengi, wenye kuwapokea wengi kuliko wao, na kila mumoja alikuja na jamaa yake na sahani. Ile "kidogo tu" ikafika mpaka ukuta wa nyuma wa depo.

Gunia la mwisho, Zaina akalikalia. Alikunja kikwembe chake vizuri, akakaa kama anachambua sombe, majani ya muhogo, jikoni kwake.

"Toka, mama!" Lukonge akapiga kelele. "Kitoga! Inua huyu mama!"

Kitoga akaja na vijana wake. Akaona ni nani. Akageuza uso ukutani, mikono nyuma.

"Shefu, siwezi. Huyu njo mukwe wangu."

"Basi ninyi wengine!"

Vijana wakatazamana. "Mukwe wa mukubwa wetu? Shefu, mutusamehe."

"Mwinue wewe mwenyewe, sitoyeni," nikasema. "Wanawake wote wakuone."

Nje ngoma zilikuwa zinamuita. Akaenda.

Komisere alitoa hotuba ndefu juu ya mbegu, akala, akapanda ndege. Muzungu naye alikula, akasifu wali. Nikamuambia, "Njo mbegu zako hizo, baba." Kijiko kikasimama hewani. Kisha akameza. Angefanya nini?

Safari ya kurudi, vijana walitubebea gunia mpaka gare, Kitoga akitembea mbali nyuma, macho chini. Tunda watu wote walikuja kutupokea na vikapu.

"Magunia mengine yako nyuma?" muzee Mulamba akauliza.

"Yamekulwa."

"Na nani?"

"Na wenye kutuletea."

Tuligawana kwa kikombe. Kila nyumba ilipanda kipande cha shamba, mvua iko karibu kukatika. Wali hatukula mwaka ule, lakini mbegu tulivuna. Na nilichojifunza njo hiki: mbegu yangu haikai chini tena. Inaning'inia juu ya moto, ndani ya moshi, pale maji hayafiki, wala Komisere. Mukija na njaa, wajukuu, ombeni muhogo. Ile musiiguse.