Toba Iliyompita Mama

Mtu aliyemgonga mama yangu kwa gari aliungama siku iliyofuata, hadharani, mbele ya umati mzima, machozi yakimtiririka. Waliomsikia walikuwa wengi kuliko watu wa Ruiru siku ya soko. Ambaye hakumsikia ni mmoja tu, mama yangu, aliyekuwa amelazwa hospitali ya Thika na mguu uliovunjika mahali pawili.

Nimezeeka sasa, na watu wema huniambia hasira ya miaka yote hiyo ni mzigo, afadhali niitue. Wanaosema hivyo hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, na sijachoka kuibeba.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwishoni mwishoni, Hali ya Hatari ikiwa bado haijaondolewa. Watu wachache wakisimama pamoja barabarani, askari aliwauliza wanapanga nini. Lakini waliookoka walikuwa na kibali. DO, mkuu wa tarafa wa serikali ya kikoloni, aliwapenda kwa sababu walikataa kiapo cha wapiganaji wa msituni na hawakunywa pombe, na mwaka ule akawaruhusu kufanya mkutano wao mkubwa Thika, kwenye uwanja ulio juu ya mto Chania. Wakajenga vibanda vya nyasi, wakachimba vyoo, kisha wakatafuta wenye magari wajitolee kubeba wageni na vyakula kutoka upande wa Ruiru.

Mmoja wa waliojitolea alikuwa mchuuzi wa ndizi na viazi mwenye pikapu kuukuu. Tulimjua. Alikuwa akinunua ndizi kwa mama yangu karibu kila wiki, na alimwita maitu, kama vijana wetu wanavyomwita mwanamke anayeweza kuwazaa. Kabla ya mkutano alikuwa mtu wa kawaida, mwenye kuchelewa na kulalamikia petroli. Basi wakamfunga kitambaa cheupe mkononi ili ajulikane kuwa ni dereva wa mkutano, na toka hapo hakushikika. Alipigia honi hata kuku walio mbali. Aliwapita wazee bila salamu kwa sababu yuko mbioni katika kazi ya Bwana. Nimeona vyeo vingi vikiwaharibu watu maishani mwangu, lakini cha kitambaa nilikiona kwake.

Ijumaa alasiri mama alikuwa anapeleka mkungu wa ndizi Ruiru, ameubeba mgongoni, ukanda wa ngozi umepita kwenye kipaji cha uso. Ukibeba hivyo hutazami nyuma; shingo haikuruhusu. Alikuwa akitembea pembeni kabisa, kwenye nyasi. Pikapu ikaja nyuma yake, tupu, inatoka Thika kufuata wageni wengine, ikamchota na kumtupa. Ndizi ndizo zilizopondeka badala ya mgongo. Mguu haukuwa na ndizi.

Gari lilisimama hatua chache mbele. Dereva akatoa kichwa dirishani, akatazama nyuma. Mama akainua mkono akamwita. Kichwa kikarudi ndani, gari likaondoka. Wakata mkonge waliokuwa wanatoka kazini ndio waliomkuta, wakampakia kwenye trela ya shamba na kumfikisha hospitali huku wameushikilia ule mguu kwa mikono yao.

Mimi nilikuwa mwanamke mzima, nachambua kahawa kwenye kinu kimoja pale Thika na kuishi kwenye nyumba za wafanyakazi. Nilipofika wadini mama alikuwa na homa, lakini akili yake ilikuwa safi kuliko yangu.

"Ni yule wa ndizi," akasema. "Usipige kelele. Mimi nataka kumuuliza kitu kimoja tu. Vile alinitazama, alijua niko hai?"

Nikamwambia hilo lina tofauti gani na mguu umeshavunjika.

"Iko tofauti. Kama alidhani ni maiti, nitamuelewa. Nani hakimbii maiti? Lakini kama alijua niko hai, nataka aje hapa aniambie alikuwa anakimbilia nini."

Asiyewajua watu wetu wa zamani aelewe jambo hili. Waliogopa maiti kuliko chui. Aliyeigusa alikuwa na uchafu wa kutakaswa, na hata mkristo wa miaka mingi alikuwa akizunguka mbali. Mama alikuwa anamtafutia yule mtu mlango wa kutokea, na ufunguo ulikuwa mikononi mwa dereva mwenyewe, jibu moja tu. Hakutaka fidia wala askari. Mimi nilitaka vyote viwili.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilikwenda kituo cha polisi. Karani hakuniuliza habari za gari. Aliniuliza pasi ya kutembea ya mama ilimruhusu kufika wapi. Nikamwambia ilimruhusu kufika Ruiru, ila gari halikusimama kuisoma. Akaniambia nina mdomo mrefu na nirudi Jumatatu.

Mchana ule, kabla sijarudi wadini, akanijia mwenzangu mmoja wa kinuni, mwanamke mwema aliyekuwa ameokoka karibuni. Alikuwa anatoka mkutanoni na uso wake uling'aa. Hakujua lolote kuhusu mama.

"Kai, ungalikuwako!" akasema. "Ndugu mmoja ametubu leo mpaka tukalia sisi wote. Alisema jana amegonga mtu na gari akakimbia. Alianguka chini kabisa! Tukaimba, tukamkumbatia, wazee wakamwombea. Sasa anatembea nuruni."

"Na huyo mtu?" nikamuuliza.

"Mtu gani?"

"Aliyegongwa."

Akafikiri. Namhesabia hilo kwa wema, alifikiri kweli. "Hiyo hakusema," akajibu. "Na hakuna mtu alimuuliza."

Nilipomwambia ni mama yangu, uso wake ulizimika, akaketi palepale chini. Mimi sikuketi. Nilikuwa na hasira ya kubomoa ukuta. Mtu amembwaga mama yangu nyasini, kisha akasimama mbele ya umati kupokea kukumbatiwa kwa jambo hilohilo! Hata mwizi wa kuku hapigiwi makofi.

Habari zilifika mtaani kabla ya jua kuzama. Watu walikasirika, wakristo na wasio wakristo, watu wa kinuni, wakata mkonge, mama wa sokoni. Wanaume wa mtaa wetu walisema watalichoma lile gari. Wakalichoma jioni nzima, kwa mdomo. Mmoja wao alileta hata kiberiti, akawashia sigara. Halafu mtu akakumbusha kwamba wakionekana pamoja watalala ndani, na kila mmoja akakumbuka mke wake anamngoja. Maneno matupu hayavunji mfupa, walisema wahenga. Nami naongeza kwamba hayauungi.

Aliyekuwa na akili ni tata, ndivyo tunavyomwita dada ya mama, mdogo wake, mnusa ugoro ambaye kanisa alilijua kwa arusi na mazishi.

"Thika nzima iko mahali moja tu yenye kibali," akasema. "Na hapo mtu akisimama kuungama, hakatazwi. Kesho tunaenda kuokoka."

Jumapili tukaenda, wachambuzi wa kahawa kwa wingi wetu, tumevaa vitambaa safi vya kichwa, tata amefuta pua vizuri. Mabawabu walifurahi kutuona. Walitukaribisha mbele kama samaki walioingia wavuni wenyewe. Yule wa pikapu alikuwa ameketi mstari wa kwanza, kitambaa mkononi, uso wa mtu aliyelala vizuri.

Wakati wa ushuhuda ulipofika tata akasimama.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina!" wakajibu.

"Mimi ni mwenye dhambi. Tangu juzi nimechukia ndugu mmoja hapa ndani. Ni huyo hapo, wa kitambaa. Nimemchukia kwa sababu aligonga dada yangu akamwacha kwa nyasi, halafu akakuja kuambia Mungu, na Mungu alikuwa anajua."

Kwa mazoea, watu wa nyuma walianza kuimba, maana mtu ameungama. Wimbo ukafika katikati ukakatika. Kabla mzee wa mkutano hajafungua mdomo, mchambuzi mwingine akasimama. Naye alikuwa mwenye dhambi. Alikuwa amemchukia ndugu huyohuyo. Wa tatu alilichukia gari lake pia, na tairi zake. Wa nne aliwachukia waliomkumbatia. Zamu yangu ilipofika nikasema nimewachukia wote waliokuwa pale, na kwamba nilikuwa bado naendelea.

Mzee wa mkutano, mwalimu mwenye miwani, akainua mkono. "Ndugu zangu, mbona hizi dhambi zinafanana?"

"Baba yao ni mmoja, mwalimu," tata akamjibu.

Watu wakacheka, waliookoka na wasiookoka, kisha wakaona haya ya kucheka. Mwalimu alimgeukia dereva akamuuliza kama amekwenda kumwona mgonjwa. Yule mtu akasimama, akapanga koti lake. Akasema yeye alishatubu. Amesafishwa, na ya juzi yamepita, na shetani asituletee ya nyuma.

Hapo ndipo uwanja ulipochafuka. Nilidhani waliookoka watamlinda, na nilikuwa nimewaandalia dharau ya kutosha. Wengi wao walimpigia kelele kuliko sisi. Mwanamke mzee wa kwao, wa siku za kwanza za wokovu ule, akatoka kwenye mstari wa wanawake, akamfikia na kukifungua kile kitambaa mkononi bila haraka.

"Mwanangu," akasema, "hiyo mguu haijapita. Iko hospitali. Twende."

Tukaenda kwa miguu, umati wote. Njiani askari waliokuwa zamu walitukodolea macho. Sisi tusioujua wimbo wa waliookoka tuliujifunza palepale, kwa sababu umati unaoimba ulikuwa ibada na umati unaonyamaza ulikuwa fujo. Nimeimba kanisani maisha yangu yote, lakini sijapata kuimba kwa nia kama siku ile.

Mlangoni nesi alikataa umati, akaruhusu wachache. Tukaingia mwalimu, yule mwanamke mzee, tata, mimi, na dereva. Mama alikuwa ameegemezwa mito, mguu umefungwa plasta mpaka pajani. Alituona tukija, akavuta shuka vizuri kifuani.

Yule mtu akapiga magoti kando ya kitanda. Akaanza vilevile alivyoanza uwanjani, sauti ileile, Bwana asifiwe, mimi nilikuwa mwenye dhambi, mkono wa Bwana ukanipata. Alikuwa ameizoea. Nadhani angefika mwisho na kulia mahali palepale alipolia Jumamosi.

"Ngoja," mama akasema. "Hiyo nimesikia uliwaambia watu. Mimi nina swali. Siku hiyo, ukinitazama kwa dirisha, ulijua niko hai?"

Akamtazama mwalimu, na mwalimu akatazama sakafu. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuona jasho likimtoka shingoni. Nilijua, na mama alijua, kwamba angeweza kusema hakujua. Uongo ule ungekubaliwa. Mama alikuwa ameuacha mlango wazi tangu Ijumaa, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kwamba mtu yule ataupitia.

"Ulijua?" mama akarudia.

"Nilijua, maitu," akasema, na sasa sauti haikuwa ya uwanjani. "Niliona umeinua mkono. Nilisikia umeniita."

"Sasa ulikuwa unakimbilia nini?"

"Wageni," akasema. "Wageni walikuwa wananingoja Ruiru. Nikaona nitachelewa, watasema sina bidii."

Tata alitoa sauti ndogo. Mama alimtazama kijana aliyenunua ndizi zake miaka mingi, akamtazama sawasawa, kama mtu anayetaka kumkumbuka vizuri.

"Sasa ndiyo umeungama," akasema. "Ya kusamehe ni kazi yangu, na leo naumwa. Nenda."

Hakuenda mara moja. Alibaki amepiga magoti, anatutazama mmoja mmoja, akingoja mtu aanze wimbo. Hakuna aliyeanza.