Unga wa Vifaranga

Nesi alipomaliza kupima tumbo la Noor, akaikunja futi yake, akamgeukia Wahiba, mama yake Noor.

"Mtoto ni mdogo kuliko umri wa mimba," nesi Najma akasema. "Huenda homoni za kumkuza hazitoshi. Mrudi wiki ijayo tumwangalie vizuri."

Noor alitoka kliniki akitabasamu. Mimba ya kwanza, alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake Chang'ombe, na kwake kila kitu kilikuwa kheri. Wahiba alimfuata nyuma, akiwakumbuka watoto wake wa kwanza. Kabla ya Noor alizaa wawili, wadogo kama watoto wa paka, na wote wakafa. Mama mkwe wake alisimama mlangoni akamwambia mwanawe, Nasser: "Tumbo la huyu linanyonga wajukuu zangu. Mrudishe kwao." Nasser, mwanamume mzima mwenye duka lake, akamrudisha na mimba ya Noor tumboni. Hakuja hata kuuliza kazaliwa nini.

Sasa Noor naye kaolewa Manzese na Muhannad, na mama yake Muhannad ana mdomo uleule.

Wahiba hakusoma, lakini neno homoni alilijua. Mtaani kwao kila mtu husema kuku wa kisasa wanakua upesi kwa sababu ya homoni, na kwa neno hilo aliwapiga marufuku jikoni kwake. Siku ile alikwenda kwa miguu yake mwenyewe kwenye duka la dawa za mifugo la Gaspar.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipe dawa ya kukuzia kuku."

"Unao wangapi?"

"Mmoja."

Gaspar akacheka. "Mmoja! Mama, huyo si wa kufuga, huyo wa pilau." Akampa pakiti ya unga. "Ila usimzidishie. Akizidishiwa anakufa."

Wahiba akaificha ndani ya baibui. Jioni akapika supu, akakoroga unga kidogo kwenye bakuli la Noor. Akizidishiwa anakufa. Na kidogo ni kiasi gani?

"Mbona leo ina rangi hivi?" Noor akauliza, akalipeleka bakuli mdomoni.

Wahiba akalipiga kofi. Supu ikatapakaa mkekani.

"Mama! Umechizika?"

Akakaa chini palepale kwenye supu, akamweleza yote.

Asubuhi wakapeleka pakiti kliniki. Najma akaisoma, akashika kiuno. "Hizi vitamini na dawa za vifaranga. Hiyo homoni yenyewe humu haimo! Bi Wahiba, ungetuulia mtu."

"Sasa inauzwa wapi?"

"Haiuzwi. Kinachoitoa ni kondo la nyuma. Homoni zake zinaufanya mwili wa mama umwachie mtoto chakula. Kondo likiwa dogo, au damu haifiki vizuri, zinapungua, na mtoto anabaki mdogo. Sisi kazi yetu ni kumfuatilia. Yeye ale vizuri, na akiona mtoto hachezi, aje mbio."

"Kwa hiyo si tumbo linalomnyonga?"

"Nani alikwambia hivyo?"

Wahiba akamshika Noor mkono, wakatoka. Usingizi ulimpotea tangu siku hiyo. Alilala na kiganja juu ya tumbo la mwanawe, akisubiri teke.

Noor alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto wa kike, kilo mbili hazikufika, akafungwa kwa kanga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Wahiba akaomba aoneshwe kondo. Lilikuwa kwenye beseni, dogo kama chapati ya kumchezeshea mtoto. Alilitazama mpaka macho yakamwuma. Makondo ya wale wawili wake hakuna aliyeyatazama.

Mama Muhannad akaingia. "Mbona kadogo hivi? Kwetu hatuzai panya."

Wahiba akasimama katikati yake na kitanda. "Mama Muhannad, njoo uone beseni hili kwanza. Chakula chake kilipita hapa. Ukishaona, ndiyo umseme mwanangu."

Yule mama akainama, akaziba pua kwa mtandio. Alipoinuka sauti ilikuwa imeshuka.

"Ataishi?"

Wale wawili wa Wahiba hakuna aliyewaulizia hivyo. Wahiba akamvutia kiti.

"Kaa," akasema. "Anapumua. Tumwangalie."