Mlima Uliokatwa Kichwa

Huku kwetu Shirasawa wimbo wa shule usiotaja mlima si wimbo. Shule mbili za mwisho bondeni zilipounganishwa kwa uchache wa watoto, kazi ya kutunga wimbo mpya akapewa Mwalimu Kinue Hatakeyama, aliyetufundisha muziki sisi na baadaye wanetu.

Mwalimu Kinue hutunga kwa njia yake. Hubandika karatasi ya muziki kwenye kioo cha dirisha, akafuatisha mgongo wa mlima kwa penseli. Mlima ukipanda, sauti inapanda, ukishuka, inashuka. Sasa mlima wetu, Karasudake, unachimbwa chokaa ya saruji tangu enzi za babu, na kilele hakipo tena. Juu pamekuwa bapa kama ubao wa kukatia mboga. Basi katikati ya wimbo sauti ikawa moja, ndefu, mpaka pumzi inakata.

Nilikuwepo kwenye mazoezi, kichanga mgongoni, binti yangu Chizu safu ya mbele. Bwana Iwabuchi, mwenyekiti wa wazazi na msimamizi wa machimbo, akacheka.

"Mwalimu, hapo wimbo umesinzia?"

"Haujasinzia. Ndivyo mlima ulivyo."

"Watoto wanalia kama mbu! Turudishie kilele chetu bwana."

"Kirudishe wewe, Iwabuchi. Si wewe uliyekichukua?"

Hakuna aliyecheka. Mume wangu anaendesha lori la machimbo. Hakuna nyumba bondeni isiyokula kwa mlima ule.

Mwalimu akashusha sauti. "Mimi nimezeeka. Huu ndio wa mwisho. Uimbwe hivihivi au usiimbwe."

Kamati ya shule ikakaa, ikamleta kijana wa mjini, naye akapachika kilele kwenye wimbo, pale penye sauti moja. Mwalimu akaomba kitu kimoja tu, jina lake lifutwe. Wakalifuta. Siku ya ufunguzi wa shule hakuja.

Tangu hapo hafundishi. Nampelekea supu ya figili. Anaipokea mlangoni, "Asante, mama Chizu," anafunga. Madirisha ya upande wa mlima ameyaziba kwa maboksi.

Chizu aliendelea kuivuta ile sauti moja huku wenzake wakipanda, na mwalimu mpya akawa anamgusa bega.

"Mama, nani amekosea?"

Nikamwambia ale, wali unapoa.

Baridi ilipoingia alikuwa anapandisha sauti kama wenzake, vizuri kabisa, na mwalimu mpya akamsifu mbele ya darasa.